Mawe ya Kando ya Mji: Habari za Mahali pa Kale Kinondoni, Temeke na Pugu

Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za makanisa, za shule na za walimu waliotutangulia. Inafaa pia kutoa kurasa chache kwa habari za nchi yenyewe ambamo mambo hayo yalitendeka, maana mti hausemwi vema pasipo kuutaja udongo ulioulea.

Wakazi wengi wa Dar es Salaam husema, "Mji wetu hauna mambo ya kale. Atakaye mambo ya kale na aende Kilwa, au Bagamoyo, au Unguja." Na mwalimu atakapo kuwaonyesha watoto wake historia kwa macho, huanza kuhesabu nauli ya safari ndefu, akikosa fedha huliacha shauri lote. Kumbe yako mahali karibu, katika mitaa ya kando ya mji, ambapo watoto wanaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya jioni. Tatizo ni kwamba twapita hapo kila siku bila kutazama, na mahali pasipotazamwa huharibika upesi.

I. Mji ni mtoto, vijiji ni wazee

Yatupasa kwanza kujua umri wa mji. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860. Kabla yake, mahali hapo palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Majid alikufa mwaka 1870, na ujenzi wake ukalala. Mji ulipata nguvu tena baada ya Wajerumani kuufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Basi mji tuuonao una umri wa miaka mia na sitini na kitu tu. Katika umri wa miji ya pwani, huo ni umri wa kijana.

Lakini pande zote za mji huo palikuwa na watu tangu zamani sana. Washomvi walikaa ufukoni, wakivua, wakichemsha chumvi na kufanya biashara. Wazaramo walikaa bara, wakilima na kuchimba sandarusi, ile gundi ngumu ya ardhini ambayo katika karne ya 19 ilipelekwa ng'ambo kutengenezea vanishi. Masimulizi ya Wazaramo yamtaja Pazi, aliyeshuka kutoka vilimani kuwasaidia watu wa pwani walipotishwa na adui. Na tangu hapo, wasema wazee, pwani na bara zikawa na haki na wajibu kati yao. Kunduchi kwa upande wa kaskazini na Mbuamaji kwa upande wa kusini vilikuwa vijiji vyenye jina kabla jiwe la kwanza la Majid halijawekwa. Basi ajitafutiaye mambo ya kale na aende kando ya mji. Huko ndiko wazee walipo.

II. Kunduchi

Tuanze na Kunduchi, katika wilaya ya Kinondoni, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Bagamoyo. Leo jina hili lajulikana kwa soko la samaki, kwa hoteli za ufukoni na kwa machimbo ya kokoto. Lakini katikati ya mibuyu, karibu na bahari, yako magofu ya msikiti uliojengwa yapata miaka 500 iliyopita, na kandokando yake yako makaburi ya mawe, mengi yake ya karne ya 18 na ya 19.

Mgeni afikapo na atazame kwanza ukuta. Haukujengwa kwa tofali wala kwa saruji. Mawe yake ni matumbawe, yaani mawe yaliyotoka baharini. Tumbawe likikatwa lingali bichi ni laini, hata fundi huweza kulichonga. Likikauka juani huwa gumu. Matumbawe mengine yalichomwa juu ya tanuru la magogo hata yakawa chokaa, nayo chokaa ikachanganywa na mchanga na maji kuunganisha kuta. Basi bahari iliwapa watu hao chakula, njia ya safari, na nyumba pia. Tazama na kibla, ile sehemu ya ukuta ielekeayo Makka, alipokuwa akisimama imamu.

Kisha na aende makaburini. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe zilizosimama upande wa kichwa. Makaburi ya nguzo hupatikana katika pwani yetu ya Waswahili, toka nchi ya Kenya hata kusini, na wataalamu huyahesabu kuwa miongoni mwa kazi maalum za ujenzi wa watu wa pwani. Katika nguzo na kuta hizo mafundi walipachika mabakuli na sahani za kauri zilizotoka China.

Mtoto atauliza, bakuli la China lilifikaje Kunduchi? Hapo mwalimu ana somo zima. Pepo za kaskazi huvuma toka mwezi wa Desemba hata Machi, zikaleta majahazi toka Arabuni na Bara Hindi. Pepo za kusi huanza yapata Aprili, zikayarudisha. Vyombo vya kauri vilitoka China vikapita mikono ya wafanya biashara wengi, bandari kwa bandari, hata vikafika hapa. Na pembe za ndovu, sandarusi na boriti za mikoko zikaenda huko. Hakuna aliyehitaji kusafiri njia yote. Basi mtu wa Kunduchi aliyelima na kuvua katika kijiji chake alikuwa na sahani iliyotengenezwa upande mwingine wa dunia, naye aliiona kuwa kitu cha heshima, hata watoto wake wakaiweka kaburini kwake.

Lakini sasa twafikia neno la huzuni. Mengi ya mabakuli hayo hayapo. Penye bakuli pamebaki shimo la mviringo katika chokaa, kama tundu la jicho lililong'olewa. Mengine yalivunjika kwa miaka, mengine yalichokolewa na watu waliotaka kuyauza au kuyaweka nyumbani. Aliyeiba bakuli alipata kitu kidogo tu, kwa kuwa bakuli lililong'olewa haliwezi tena kusema lilitoka kaburi gani wala la zama zipi. Ni kama kurarua ukurasa katika kitabu: mwenye ukurasa hana habari kamili, na kitabu nacho kimeharibika. Huo ni wizi unaotuibia sote, wala hakuna hukumu iwezayo kurudisha kilichopotea.

Sheria haikukosekana. Tangu mwaka 1937 palikuwa na sheria ya kuhifadhi majengo ya kale. Mwaka 1957 ikaanzishwa idara ya kuyashughulikia, mkuu wake wa kwanza akiwa mtaalamu Neville Chittick. Na mwaka 1964, baada ya uhuru, ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale. Lakini sheria haina macho. Macho ni ya jirani. Mlinzi mmoja hawezi kulinda mahali ambapo majirani elfu hawapajali.

III. Kijiji cha Makumbusho

Turudi kwa barabara ile ile kuelekea mjini hata Kijitonyama. Hapo pana kituo cha mabasi kiitwacho Makumbusho, na maelfu ya watu hulitaja jina hilo kila siku wakimlipa kondakta, wala wengi wao hawajawahi kuingia mahali palipolizaa. Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa katika miaka ya 1960, muda si mrefu baada ya uhuru, nacho ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, ambayo nyumba yake ya kwanza mjini ilifunguliwa mwaka 1940.

Katika uwanja wake zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania bara, kila moja kwa namna ya kwao. Iko nyumba ya msonge ya Wahaya, ya mviringo, ambayo nyasi zake hushuka toka kileleni hata chini. Iko tembe ya Wagogo, yenye dari bapa la udongo, iliyofaa nchi ya mvua chache na ya miti michache. Iko nyumba ya pembe nne ya Wazaramo, ya fito na udongo, ambao ndio wenyeji wa nchi hii tunayoikalia. Ndani na kando yake huwekwa vyombo vya kazi, maghala na mabanda.

Mwalimu na asiwaache watoto wapite mbio wakihesabu nyumba. Na awaulize: Kwa nini huyu alijenga mviringo na yule pembe nne? Kwa nini tembe ni fupi na msonge ni mrefu? Alipata wapi miti yake? Ng'ombe walilala wapi? Watagundua wenyewe kwamba kila nyumba ni jibu la busara kwa mvua, upepo, miti na mifugo ya mahali fulani. Mtoto aliyefundishwa kuona haya nyumba ya udongo ya babu yake hutoka hapo akiwa na mawazo mengine.

Tena kuna jambo moja linalotenga mahali hapa na Kunduchi. Gofu la mawe huhifadhiwa kwa kuzuia mikono isiliguse. Nyumba ya udongo na nyasi ni kinyume: ikiachwa pasipo kuguswa, mvua na mchwa huimaliza kwa miaka michache. Haina budi kukandikwa na kuezekwa tena na tena. Basi kinachohifadhiwa hasa ni ujuzi wa fundi aijuaye kazi hiyo. Siku atakapokosekana mtu awezaye kuezeka msonge, nyumba ile itakuwa imekufa, hata kama nguzo zake zingali zimesimama. Hivyo babu aliye nyumbani kwako, ajuaye kusuka makuti au kuchonga mchi, ni makumbusho nayo, tena haidai kiingilio.

IV. Makaburi ya vita na jina la Kariakoo

Ukizidi kukaribia mji kwa barabara ile, kabla ya kuvuka daraja la Selander, yako makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Makaburi zaidi ya 600 yalihamishiwa hapo mwaka 1968 toka makaburi ya zamani ya ufukoni, kwa ajili ya kupitisha barabara mpya. Majani yake hukatwa, mawe yake yamepangwa safu, na majina yamechongwa vizuri. Ni mahali pa kimya, panapofaa kuzuriwa kwa adabu.

Lakini mgeni mwenye fikira atauliza: Wako wapi wapagazi? Maana vita ile katika nchi yetu, toka mwaka 1914 hata 1918, ilichukuliwa juu ya vichwa vya Waafrika. Palipokosa barabara na pale wanyama walipokufa kwa mbung'o, mtu ndiye aliyebeba risasi, unga na mizinga. Walikufa kwa maelfu mengi, kwa homa, kwa kuhara na kwa njaa kuliko kwa risasi, na walio wengi wao hawana jiwe lenye jina popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo iyatunzayo makaburi hayo, ilitoa taarifa ikikiri kwamba wafu wengi wa Afrika hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao, ikaomba radhi.

Je, hawana kumbukumbu kabisa? Mjini iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Tena liko jina. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na mahali walipopiga kambi watu wakapaita Kariakoo. Leo Kariakoo ni soko kubwa, na kila auzaye nyanya na kila anunuaye kitenge hutaja jina la wale wapagazi bila kujua. Hapo twajifunza kwamba jina la mahali nalo ni kitu cha kale, kama lilivyo bakuli la Kunduchi. Likisahauliwa maana yake, limeng'olewa.

V. Upande wa kusini

Wakazi wa Temeke wasidhani kwamba habari zote ni za Kinondoni. Upande wa kusini, ng'ambo ya bandari, katika nchi iliyokuwa ya Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya ya peke yake, kilikuwako kijiji cha Mbuamaji. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilianzia hapo, wakati Mzizima ilipokuwa bado kijiji cha wavuvi. Jirani yake ni Gezaulole, jina la Kizaramo lenye maana ya "jaribu uone," ambapo pamekuwa kijiji cha ujamaa siku za Azimio. Upande huo yako makaburi ya kale na mabaki ya mawe ambayo wenyeji wanayajua kuliko vitabu.

Mahali hapa pana hatari yake. Zamani mtu alivuka kwa kivuko, na wajenzi walikuwa wachache. Tangu daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, viwanja vinapimwa na kuuzwa kwa haraka. Hatusemi watu wasijenge. Watu lazima wapate mahali pa kulala. Twasema tu kwamba anunuaye kiwanja na kukuta jiwe lililopangwa na mkono wa mtu, au vigae vya vyombo vya zamani, na asimame kwanza. Na awaulize wazee, na aiambie serikali ya mtaa, ili habari ifike kwa Idara ya Mambo ya Kale. Siku mbili za kungoja hazimpunguzii mjenzi kitu. Kaburi likisukumwa na trekta halirudi.

VI. Pugu

Sasa twende magharibi, kwa barabara ya Nyerere, tupite uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, tupande vilima vya Pugu. Mwaka 1888 Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika wakaanza misheni hapo. Mwaka ule ule Kampuni ya Wajerumani ilijitwalia forodha na mamlaka ya pwani kwa mkataba na Sultani, na watu wa pwani wakainuka kupigana nayo, mashuhuri wao akiwa Abushiri bin Salim. Siku ya 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa ikachomwa moto. Mabradha wawili na sista mmoja waliuawa, na wengine wakatekwa. Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo huo.

Habari hii yafaa isimuliwe kwa uaminifu wote. Waliokufa Pugu walikuwa watu wa sala na kazi, na damu yao ni ya thamani kwetu. Tena waliowashambulia walikuwa watu walioona nchi yao ikitwaliwa, nao hawakuweza, au hawakutaka, kutenganisha mmisionari na kampuni. Mwalimu afundishaye upande mmoja tu amefundisha nusu, na nusu ya habari mara nyingi huwa mbaya kuliko kutojua. Waumini huenda Pugu kuhiji na kuwaombea waliokufa. Waendapo, na wayakumbuke yote mawili.

Pugu ilipata habari nyingine baadaye. Katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Julius Nyerere alifundisha baada ya kurudi toka masomo ya Uingereza, hata mwaka 1955 alipoacha kazi ya ualimu ili kukiongoza chama cha TANU. Baadaye alikaa Magomeni, katika nyumba ndogo ambayo imehifadhiwa mpaka leo. Mtoto aionaye nyumba ile hushangaa jinsi ilivyo ya kawaida, kama nyumba ya jirani yeyote. Mshangao huo ndio somo: mambo makubwa ya taifa hili yalifikiriwa katika vyumba vidogo vya kando ya mji.

VII. Mashauri kwa walimu na kwa parokia

Tumepita Kunduchi, Kijitonyama, makaburi ya vita, Mbuamaji, Pugu na Magomeni, wala hatukutoka sana nje ya mji. Yabaki kusema namna ya kwenda.

Kwanza, nendeni mahali pamoja kwa siku moja. Darasa lipelekwalo mahali patano kwa siku hukumbuka basi tu.

Pili, ombeni ruhusa, lipeni kiingilio panapodaiwa, na mtafuteni mzee mmoja wa mahali pale aseme. Mzee akisema, mtoto mmoja na aandike, pamoja na tarehe na jina la kijiji. Daftari hilo liwekwe shuleni. Baada ya miaka 30 litakuwa hazina.

Tatu, msipande juu ya kuta wala makaburi, msiandike majina yenu, wala msiokote hata kigae kimoja. Mtoto akiona kigae na akichore mahali kilipo, akiache hapo hapo.

Nne, na hili ndilo kubwa, wafundisheni watoto adabu kwa wafu wa watu wengine. Wafu wa Kunduchi walikuwa Waislamu. Wengi wa Pugu na wa makaburi ya vita walikuwa wageni kutoka mbali. Wapagazi walikuwa wa kila kabila na kila dini. Sisi twataka makaburi ya Pugu yafagiliwe, na mtu akiyavunja tungelia. Basi tuwatendee majirani zetu vivyo hivyo. Vijana wa parokia za upande wa Kunduchi wanaweza, kwa ruhusa ya wenye mahali na pamoja na vijana wa msikiti, kwenda kufyeka nyasi na kuzoa takataka siku moja kila mwaka. Kazi hiyo yahitaji panga, fagio na nusu ya siku.

Penye wazee haliharibiki neno. Mawe haya ni wazee wetu, nao wamekaa kando ya mji wakingoja kuulizwa. Bahari inakula ufuko, mji unakua kila mwaka, na mabakuli yaliyobaki yahesabika. Wenye kuuliza na waende mapema.